Wagoni mpya au iliyotumika: unalipia gari au unalipia uhakika?

Waulize watu watano wenye magari kama ununue gari jipya la familia au lililotumika, utaondoka na majibu saba. Mmoja atakuambia gari lililotumika ni kurithi madeni ya mtu usiyemjua. Mwingine atacheka: gari jipya ni hasara tupu, likivuka tu geti la muuzaji bei imeshaporomoka. Wa tatu ana binamu aliyenunua mkweche ukamfaa miaka kumi bila kumsumbua. Wa nne naye ana binamu yake, aliyenunua jipya likalala gereji mwezi wa kwanza.

Kinachochanganya ni kwamba wote hao wanasema kweli. Ila kila mmoja anazungumzia hasara inayomuuma yeye: huyu anaogopa fundi, yule anaogopa thamani kushuka. Hizo ni hasara mbili tofauti na hazilipwi kwa wakati mmoja. Ukizitenganisha, swali linakuwa jepesi kiasi cha kulifanyia hesabu nyuma ya bahasha. Nitazitenganisha kwa kutumia gari moja ambalo wenye familia huliulizia sana, stesheni wagoni, maana gari hili huzeeka kwa namna yake na wengi hulikagua kama sedani ya kawaida.

Wagoni ni gari gani hasa

Chukua sedani, urefushe paa lake liende moja kwa moja hadi nyuma, kisha ugeuze kioo cha nyuma na kifuniko cha buti kuwa mlango mmoja unaoinuliwa juu. Hiyo ndiyo wagoni. Buti halijatengwa na abiria kwa ukuta. Ukikunja viti vya nyuma unapata sakafu moja ndefu. Jina lenyewe limetoka Marekani, kwenye magari yaliyokuwa yakipokea abiria na mizigo yao stesheni za reli. Waingereza wanaiita estate, Wajerumani Kombi, Wafaransa break. Toyota Corolla Fielder, Subaru Outback, Volkswagen Passat Variant, Skoda Octavia Combi na Volvo V60 zote ni za ukoo huo.

Watu wengi siku hizi wanarukia SUV, yale magari yaliyoinuka, wakidhani kimo kinaongeza nafasi. Kimo kinaongeza kimo. Wagoni yenye msingi uleule wa SUV ya ukubwa wake mara nyingi ina sakafu ndefu zaidi ya mizigo, mlango wa buti ulio chini (mgongo wako utashukuru), haizuiwi sana na upepo hivyo hunywa mafuta kidogo, na uzito wake umekaa karibu na ardhi, kwa hiyo hailali sana kwenye kona. Inachokosa ni nafasi kati ya tumbo la gari na barabara. Kama njia yako ya kila siku ina makorongo, hoja hiyo peke yake inaweza kumaliza mjadala.

Neno moja kuhusu zile lita za buti zinazotangazwa. Njia ya kawaida ya kuzipima ni kupanga ndani ya buti vipande vya mstatili vyenye ujazo wa lita moja kila kimoja, kisha kuvihesabu. Octavia Combi ya kizazi cha nne hutajwa kuwa na lita 640. Lakini kuna anayepima hadi kwenye pazia la kufunika mizigo, na kuna anayepima hadi darini. Kabla ya kulinganisha lita za gari hili na lile, hakikisha zimepimwa hadi kimo kimoja.

Hasara ya kwanza: thamani inayoyeyuka

Kushuka thamani ni tofauti kati ya bei uliyonunulia na bei utakayouzia. Hakuna anayekuletea ankara yake, ndiyo maana watu huisahau. Kwa gari jipya mara nyingi ndiyo gharama kubwa kuliko zote, inaweza kuzidi hata mafuta. Na haishuki kwa mwendo mmoja: miaka ya mwanzo huporomoka, ya baadaye hutambaa. Fikiria barafu iliyowekwa juani. Kipande kikiwa kikubwa maji humwagika mengi, kikibaki kidogo ni matone tu.

Tuweke namba. Hizi ni za mfano tu. Kila modeli na kila soko lina zake, nawe utaweka za gari unalolitaka. Tuseme wagoni mpya ni 100. Baada ya mwaka mmoja inauzika 80. Ikifika miaka mitatu ni 60, mitano 45, minane 28, na kumi na miwili 15.

Mnunuzi wa kwanza ananunua mpya na kuiuza baada ya miaka mitano. Amepoteza 55, yaani 11 kwa mwaka. Mnunuzi wa pili anainunua ikiwa na miaka mitatu kwa 60, anaitumia miaka mitano ileile, anaiuza kwa 28. Amepoteza 32, yaani 6.4 kwa mwaka. Wote wawili wameendesha miaka mitano, ila wa kwanza amelipa 23 zaidi.

Hiyo 23 ndiyo namba ya kuandika kwenye kiganja. Ni bei ya uhakika: ndicho alicholipa mnunuzi wa kwanza ili awe mtu wa kwanza kukaa kwenye kile kiti. Kwa mnunuzi wa pili, ndiyo bajeti yake ya fundi. Kama katika miaka yake mitano matengenezo yaliyozidi yale ya gari jipya hayakufika 23, ameshinda. Yakizidi, ameshindwa, hata kama siku ya kununua alijiona mjanja.

Sasa mlete mnunuzi wa tatu, ambaye hatajwi kwenye mabishano haya. Ananunua mpya na hauzi mpaka mwaka wa kumi na mbili. Amepoteza 85, lakini ukigawa kwa miaka kumi na miwili ni kama 7.1 kwa mwaka, karibu sawa na yule wa gari lililotumika. Gari jipya linamuumiza zaidi mtu anayelibadilisha kila baada ya miaka michache. Anayekaa nalo hadi watoto walioletwa nyumbani ndani yake wajifunze kuliendesha hajachoma fedha yoyote.

Mkopo nao huvuruga hesabu. Gari lililotumika mara nyingi hutozwa riba ya juu kidogo, na watu huishia hapo: "riba ya jipya ni nafuu." Tazama kiasi, usitazame asilimia peke yake. Ukikopa 80 kwa miaka mitano kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayotozwa kwenye deni linalobaki, utalipa riba ya karibu 27. Ukikopa 40 kwa asilimia 15, kwa muda uleule, utalipa kama 17. Riba iliyo juu imekugharimu pungufu, kwa sababu deni ni nusu. Ila kuna nyakati mtengenezaji anataka kumaliza magari yaliyojaa bohari na hutoa mkopo wa gari jipya kwa riba ndogo sana au bila riba. Hapo rudi kwenye hesabu upya, jibu linaweza kugeuka.

Hasara ya pili: usichokijua

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alieleza kwa nini soko la magari yaliyotumika lina kigugumizi chake. Muuzaji anajua kama gari ni zima au ni kimeo (Wamarekani huliita limau). Mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, hatakubali kulipa bei ya gari zima. Atatoa bei ya katikati. Bei hiyo ya katikati inamfurahisha mwenye kimeo na kumuudhi mwenye gari zima, ambaye anaamua kubaki nalo. Sokoni vimeo vinaongezeka, bei inazidi kushuka. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz kwa kazi zao kuhusu masoko ya namna hii, ambapo upande mmoja unajua kuliko mwingine.

Sisi tuna namna fupi ya kulisema jambo hilo: kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ila nadharia ya Akerlof ina upande wa pili ambao msemo wetu hauutaji. Kama bei ya magari yaliyotumika imeshushwa na kutojua, basi mtu anayeweza kupunguza kutojua kwake anapata punguzo asilostahili. Gunia linaweza kufunguliwa. Rekodi za huduma, namba ya chesisi, fundi unayemlipa wewe mwenyewe na saa mbili za subira ni njia za kulifungua. Ukinunua gari lililotumika bila kuzifanya, utabeba hatari yote na punguzo lako litaishia mikononi mwa fundi.

Na gari jipya je, halina usichokijua? Linacho, kidogo. Modeli iliyotoka mwaka wake wa kwanza bado ina dosari ambazo kiwanda chenyewe kitazigundua kupitia wateja, na magari ya sasa yamejaa programu za kompyuta ambazo huleta uchawi wake. Tofauti ni kwamba una waranti. Hiyo ni ahadi ya mtengenezaji kurekebisha kasoro za kiwandani kwa muda fulani, kwa kawaida kuanzia miaka mitatu hadi saba, yenye kikomo cha kilomita. Haihusu vinavyolika kwa matumizi: pedi za breki, matairi, raba za waipa, na mara nyingi klachi. Na huwa ina masharti ya huduma kwa wakati. Mtu anayeruka huduma mbili ili kubana matumizi anaweza kujikuta amelipia uhakika kwa bei ya jipya, halafu akautupa.

Wagoni huchakaa wapi

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu orodha nyingi za ukaguzi ziliandikwa kwa kufikiria sedani. Anzia nyuma ya gari, injini itasubiri.

Simama pembeni, mita kama tano, gari likiwa tupu kwenye ardhi tambarare. Kama limekaa kitako, nyuma chini kuliko mbele, springi zimechoka au shokapu zimekufa. Wagoni hununuliwa na watu wenye mizigo, na nyingine zimevuta tela maisha yao yote. Ukiona ndoano ya tela, au matundu ilipokuwa imefungwa, uliza ilikuwa ikivuta nini. Kuvuta mzigo hula klachi na kupasha moto giaboksi kabla ya vitu vingine vyote. Baadhi ya wagoni za bei kubwa zina mfumo wa nyuma unaojiinua wenyewe ukipakia. Ni raha ya ajabu ukiwa mzima; ukifa, bei ya spea zake inaweza kukuweka chini.

Fungua mlango wa buti. Unatakiwa upande na kubaki juu. Ukishuka taratibu kama mtu anayesinzia, zile fimbo mbili za gesi zimechoka. Si gharama kubwa, lakini mlango utakushukia kichwani siku umebeba mtoto. Sasa tazama juu, penye bawaba: kuna bomba la mpira linalopitisha nyaya kutoka kwenye bodi kwenda mlangoni. Nyaya hizo hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, maelfu ya mara, na hatimaye hukatika moja moja. Dalili zake ni za kuchekesha: waipa ya nyuma imegoma, taa ya namba haiwaki, kitasa cha buti kinafunguka kikitaka. Muuzaji atakuambia "ni fyuzi tu." Huenda ni fyuzi. Vuta lile bomba la mpira utazame.

Kisha inua zulia la buti mpaka uone shimo la tairi la akiba. Weka mkono. Maji, kutu, au harufu ya gunia lililolowana maana yake kuna mahali panavuja: raba ya mlango, nyuma ya taa, au penye misumari ya reli za keria juu ya paa. Ukiwa hapo chini angalia chuma cha sakafu. Kinatakiwa kiwe na mikunjo na nukta za kuchomelea za kiwandani zinazofanana kushoto na kulia. Rangi mpya upande mmoja tu, au mchomeleo wenye mabonge, maana yake gari liligongwa nyuma, na nyuma ya wagoni ni nusu ya sababu ya kuinunua.

Kunja viti vya nyuma vyote, kisha virudishe mpaka ulimi uingie kwenye kitasa chake. Kiti kisichojifunga vizuri, siku ya breki kali, kitaruhusu mizigo kuwajia abiria mgongoni. Uliza pazia la buti liko wapi, maana hupotea sana na kulinunua peke yake kuna bei. Tazama plastiki za pembeni: mikwaruzo mirefu mirefu inaonyesha gari lilibeba vifaa vya kazi kuliko mabegi ya watoto. Si kosa, ila kilomita za gari la mizigo hazilingani na kilomita za gari la familia.

Kama ni hibridi (inayotumia mafuta na umeme), ongeza jambo moja. Nyingi huweka betri kubwa karibu na kiti cha nyuma na kuipoza kwa feni inayovuta hewa ya ndani kupitia tundu dogo pembeni mwa kiti. Familia hulifunika tundu hilo kwa blanketi na mabegi bila kujua, au vumbi na manyoya ya mbwa huziba kichujio chake. Betri isiyopumua huzeeka mapema.

Baada ya hapo ndipo uende mbele ukutane na injini, na ikutane nawe ikiwa baridi. Ukikuta imeshawashwa "ili ipate moto kidogo," rudi kesho. Moshi wa buluu unamaanisha inachoma oili, mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto unaweza kuwa maji ya radieta yanaingia yasipotakiwa. Uliza kama ina mkanda wa taimingi au cheni. Mkanda una muda wake wa kubadilishwa uliowekwa na mtengenezaji, na katika injini nyingi ukikatika njiani valvu hugongana na pistoni na injini huisha papo hapo. Kama hakuna ushahidi kwamba ulibadilishwa, chukulia haukubadilishwa, toa gharama hiyo kwenye bei. Kwa dizeli za kisasa uliza safari zake zilikuwa za namna gani: zina kichujio cha masizi kinachojisafisha kwa joto la safari ndefu, na gari lililoishi kwa kwenda shule na kurudi hukiziba.

Mambo yanayosemwa sana, na ukweli wake

"Tafuta lenye kilomita chache." Kilomita chache ni jambo jema kama ni za kweli na kama gari halikuwa limelala. Dashibodi za kidijitali zinachezewa kwa kompyuta ndogo, kwa hiyo soma kilomita kwenye vitu visivyojua kudanganya: raba za pedali, ngozi ya usukani, ubavu wa kiti cha dereva. Pedali zilizolika hadi chuma na kilomita 60,000 haviwezi kukaa gari moja. Kwa upande mwingine, wagoni ya miaka mitatu yenye kilomita 100,000 za barabara kuu, ikiwa na rekodi kamili, inaweza kuwa nzima kuliko ya miaka tisa yenye 50,000 za foleni na safari fupi ambazo oili haikuwahi kupata joto lake. Matairi nayo yana tarehe: tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Gari la miaka mitatu lenye matairi ya miaka saba lina hadithi ambayo hujasimuliwa.

"Lililotumika si salama kwa watoto." Inategemea la mwaka gani. Mfumo unaozuia gari lisiserereke kwenye kona kwa kubana breki ya gurudumu moja moja ulikuwa lazima kwa magari yote mapya Umoja wa Ulaya kufikia Novemba 2014. Breki zinazojifunga zenyewe gari likikaribia kugonga zimekuwa lazima huko kwa magari yote mapya tangu Julai 2024, ingawa magari mengi yalikuwa nazo kabla ya hapo. Kwa hiyo wagoni ya 2018 haiko mbali sana na mpya, ya 2006 iko mbali. Nyota tano za Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari kwa kuyagonga, nazo zina mwaka wake: vipimo vilianza 1997 na vimekazwa mara kadhaa, nyota tano za 2008 si nyota tano za leo. Na usisahau kwamba gari lililotengenezwa kwa soko moja linaweza kukosa vifaa ambavyo pacha wake wa soko jingine anavyo. Amini kilichomo ndani ya gari lililo mbele yako kuliko tangazo.

Kuna jambo moja la usalama ambalo kwa gari lililotumika siwezi kulipita. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na Takata, ambayo iliwekwa kwenye magari ya kampuni nyingi kubwa, hasa ya miaka ya 2000 hadi katikati ya miaka ya 2010, ilitumia kemikali inayoharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Ikilipuka vibaya hurusha vipande vya chuma kwa dereva. Marekani pekee mifuko kama milioni 67 iliitwa irudishwe kubadilishwa, na Takata yenyewe ilifilisika 2017. Magari mengi yalibadilishiwa, mengine yaliuzwa na kusafirishwa kabla ya kufikiwa. Chukua namba ya chesisi, ile yenye herufi na tarakimu (17 kwa magari mengi), uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji kuona kama kuna wito ambao haujatekelezwa. Kazi ya dakika mbili, na ukarabati wa aina hiyo kwa kawaida haulipiwi.

"Wagoni inabeba chochote." Ina kikomo, na kimeandikwa. Tafuta kibao chenye uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa gari lenyewe. Tuseme kinabaki kilo 550. Watu watano wa wastani wa kilo 70 ni 350. Umebaki na 200 za mizigo, pamoja na vya juu ya paa, ambapo kikomo chake huwa kati ya kilo 75 na 100 kwa gari nyingi za aina hii. Buti linaweza kuwa na nafasi ilhali gari limeshajaa kwa uzito. Hili ni sawa kwa mpya na kwa mkweche.

Mimi ningefanyaje

Ningetafuta ya miaka mitatu hadi mitano. Barafu imeshayeyuka sehemu kubwa, vifaa vya usalama bado ni vya kisasa, na mara nyingine waranti ya kiwandani imebaki kidogo. Wagoni zina bahati nyingine: kampuni nyingi hununua kwa ajili ya wafanyakazi wanaosafiri, kisha huziuza zikiwa na umri huohuo, zina kilomita nyingi lakini za barabara kuu na vitabu vilivyojazwa. Ningelipa pungufu ya uwezo wangu na kutenga angalau sehemu ya kumi ya bei kwa ajili ya mwaka wa kwanza: oili na vichujio vyote, maji ya breki (hunyonya unyevu, ndiyo maana hubadilishwa hata gari likiwa halitembei), matairi, betri.

Gari jipya ningelishauri kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule anayekaa na gari zaidi ya miaka kumi. Wa pili ni yule ambaye siku moja ya gari kulala inamgharimu sana, labda ana mgonjwa wa kupeleka kliniki kila wiki, na hana fundi anayemwamini. Huyo hanunui ufahari, ananunua usingizi, na ile 23 ni bei halali ya usingizi. Kati ya hapo kuna magari ya maonyesho na yale yaliyotumika miezi michache na kampuni za kukodisha. Mtu mwingine ameshalipa maporomoko ya mwaka wa kwanza, na waranti iko karibu yote. Ya kukodisha kagua rimu na klachi kwa jicho kali, maana madereva wake hawakuwa na huruma.

Vyovyote utakavyochagua, siku ya kwenda kuliona usiende mikono mitupu. Beba kiti cha mtoto ukifunge kwenye vishikizo vya ISOFIX, ambavyo kwa kawaida viko viti viwili vya pembeni tu. Kama una watoto watatu wa viti, beba vitatu, uvipange vyote kwa pamoja, ufunge milango. Mweke mtu mrefu mbele halafu ujaribu kukaa nyuma yake. Pakia kigari cha mtoto na sanduku lako kubwa kuliko yote, kisha uteremshe mlango wa buti bila kulazimisha. Muuzaji atakutazama kwa mshangao. Mwache atazame, na ukimaliza mwambie sasa linaenda kwa fundi wako. Akikataa hilo, pakua vitu vyako uende.